Korongo wa Bonde la Lambwe na Lenzi ya Bei Nafuu

Mtu atokaye mji wa Homa Bay alfajiri huuacha nyuma yake mlima Asego, uliochongoka juu ya mji kama pia iliyopinduliwa, akashika barabara iendayo Mbita huku Ziwa Viktoria likiwa mkono wake wa kuume. Baadaye huiacha barabara hiyo na kuingia Bonde la Lambwe. Kaskazini ya bonde viko vilima vya Ruri, magharibi iko milima ya Gwassi, na kusini mashariki umesimama ukuta mrefu wa Kanyamwa. Katikati ni uwanda wa majani marefu na migunga, juu ya udongo mweusi ambao mvua inyeshapo hunata miguuni kama ugali mbichi. Hapo ndipo ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma, yenye eneo la kilomita za mraba 120. Ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1966, ikapandishwa cheo kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, na husimuliwa kwamba jina lake ni la mchawi mmoja wa zamani aliyeogopwa sana katika nchi hiyo.

Wageni wengi waendao kutazama wanyama wa Kenya hukimbilia Maasai Mara au Amboseli, wala hawajui hata njia ya kufika Ruma. Lakini Ruma inacho kitu ambacho mbuga hizo kubwa hazina. Ni mahali pa mwisho katika Kenya ambapo korongo wamebaki katika makao yao ya asili. Neno hili lataka maelezo kidogo, kwa kuwa katika Kiswahili korongo ni ndege mwenye miguu mirefu, na korongo vile vile ni bonde lililochimbwa na maji. Korongo anayesemwa hapa ni mnyama wa porini mwenye kwato, ndugu yake palahala, mkubwa kumkaribia farasi. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na wekundu, shingoni ana manyoya yaliyosimama, pembe zake zina pingili nazo zimepinda kurudi nyuma, na masikio yake ni marefu yenye vishada nchani. Uso wake ni mweusi wenye mabaka meupe, hata mtu angedhani amevaa kinyago. Wajaluo humwita omoro.

Katikati ya miaka ya 1970 korongo wa bonde hili walikuwa wapata mia mbili. Hesabu ya wanyamapori wa nchi nzima iliyofanywa mwaka 2021 iliwaona 15 tu. Mitego ya nyaya iliwaua, mioto iliyowashwa majanini iliwafukuza, na ndama wao wakawa chakula cha fisi na chui. Katika nchi nyingine za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, korongo wangali wako. Lakini kwa Kenya hawa wa Ruma ndio mbegu iliyosalia ghalani. Shirika la Wanyamapori la Kenya limetenga sehemu yenye ua ndani ya mbuga ili wazaliane kwa usalama.

Basi mnyama aliyesalia kwa idadi kama hiyo si mnyama wa kukimbizwa kwa motokaa ili apigwe picha. Korongo ni mwoga, na wa Ruma hawajazoea misururu ya magari kama simba wa Mara walivyozoea. Gari likiikaribia familia yao, huinua vichwa, husimamisha masikio, kisha hugeuka na kuzama katika majani marefu. Mama akikimbia, ndama aliyefichwa majanini hubaki peke yake. Kwa hiyo picha njema ya korongo ni ile iliyopigwa kutoka mbali, hata mnyama asijue kwamba amepigwa picha.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Simu ya mkononi, hata iwe nzuri namna gani, humfanya korongo aliye mita mia moja aonekane kama mchwa juu ya mkeka. Kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 200 nayo huonyesha, kwa umbali huo huo, upana wa mita 18 za nchi. Korongo, ambaye mwili wake hauzidi sana mita mbili, hupotea katikati ya majani na miiba. Kinachohitajika ni lenzi ya masafa marefu sana, ya milimita 600 au 800. Ile ya 800 kwa mita mia moja huonyesha upana wa mita nne na nusu tu, hivyo korongo akisimama ubavu huijaza nusu ya picha, na vishada vya masikio yake vyahesabika.

Lenzi za namna hiyo zimekuwako kwa miaka mingi, lakini zilikuwa mali ya matajiri na ya wageni. Lenzi ya milimita 800 ya kampuni ya Canon yenye tundu la f/5.6, iliyotolewa mwaka 2022, ina uzito wa kilo tatu na zaidi, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 17,000 za Marekani. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Kenya, bei ya motokaa. Yafaa kukumbuka kwamba jambo hili la uzito ni la zamani. Mjerumani Carl Georg Schillings, aliyezunguka nchi za Kilimanjaro na Umasai katika miaka ya 1903 na 1904 akipiga picha za wanyama, alihitaji msururu wa wapagazi wa kubeba kamera zake, mabamba ya vioo, na unga wa kuwashia mwanga usiku. Wapagazi hao walikuwa Waafrika, picha zikawa za Schillings, na kitabu chake kikasomwa Ulaya. Kwa muda mrefu baada ya hapo mpango huo haukubadilika sana: mwenyeji alikuwa dereva au kiongozi wa njia, na mgeni ndiye aliyeshika kamera.

Mwezi wa Julai mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ya Canon ilitoa lenzi mbili za namna nyingine, moja ya milimita 600 na moja ya milimita 800, zote za f/11. Ya kwanza ina uzito wa gramu 930, yaani haifiki kilo ya sukari. Ya pili gramu 1,260. Bei zake zilipotangazwa Marekani zilikuwa dola 699 na dola 899. Kwa kiwango kile kile ni kama shilingi 91,000 na shilingi 117,000, ushuru na usafirishaji havijahesabiwa. Si fedha ndogo. Ni fedha za kununulia ng'ombe wa maziwa. Lakini ng'ombe ni kitu ambacho karani au mkulima wa Homa Bay aweza kukifikiria na kukiwekea akiba, na watu wakiungana katika chama, kama wanavyoungana kununua pampu ya maji, huwezekana mapema zaidi.

Hapa mnunuzi na aangalie asidanganyike. Lenzi peke yake haipigi picha. Lenzi hizi huingia tu katika kamera za Canon za aina mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani, wala haziwezi kufungwa katika kamera za zamani za kampuni hiyo hiyo. Mojawapo ya kamera hizo zilizo rahisi, iitwayo R100, ilitolewa mwaka 2023 kwa dola 480 hivi. Ikiungwa na lenzi ya milimita 600, jumla ni kama shilingi 153,000 kabla ya ushuru. Kwa kuwa kamera hiyo ina kihisi kidogo, lenzi ya 600 ndani yake huleta mnyama karibu kama ingekuwa ya 960, na kwa hiyo mwenye kamera hiyo hana haja ya kuongeza fedha kwa ile ya 800.

Namba f/11 nayo yataka kufafanuliwa, kwa maana ndiyo siri ya wepesi na ndiyo kasoro yenyewe. Ndani ya kila lenzi kuna tundu lipitishalo nuru, kama dirisha la nyumba. Namba ikiwa ndogo, dirisha ni kubwa. Lenzi ya f/5.6 hupitisha nuru mara nne kuliko ya f/11, na ya f/4 mara nane hivi. Katika lenzi nyingi mpiga picha aweza kulipanua au kulibana tundu atakavyo. Katika hizi mbili halipanuki wala halibaniki. Lenzi ya milimita 800 yenye tundu la f/5.6 yahitaji upana wa nuru wa milimita 143, lakini ya f/11 yatosheka na milimita 73, na kioo cha upana huo ni chepesi sana. Tena ndani yake kimo kioo kilichochongwa mifuo ya duara, myembamba sana, ambayo huipinda nuru kwa namna ya pekee na kuifanya lenzi iwe fupi. Wazo hilo lina ujamaa na lile la Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye kioo chake cha duara kwa duara kiliwekwa katika mnara wa taa wa Cordouan mwaka 1823 kuwaongoza mabaharia. Mwisho, bomba la lenzi hukunjwa likaingia ndani yake lenyewe, hata laenea katika mkoba wa kawaida.

Basi mwenye lenzi hii amenunua umbali, wala hakununua nuru. Jua likiwa limewaka vizuri, aweza kupiga kwa sehemu moja ya 800 ya sekunde, kamera ikiwekwa ISO 400, ambayo ni kipimo cha wepesi wake wa kuhisi nuru. Hiyo yatosha kabisa kumsimamisha korongo atembeaye. Lakini alfajiri nuru huweza kupungua mara thelathini na zaidi. Kwa kasi ile ile kamera hudai ISO 12,800, na picha hujaa chembechembe kama uji wa mtama uliosagwa vibaya. Mnyama akiwa amesimama tuli, kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi chamruhusu mtu kupiga kwa sehemu moja ya 100, na ISO ikashuka hadi 1,600. Korongo akitikisa kichwa kufukuza nzi, picha imeharibika.

Homa Bay iko karibu na ikweta, na jua lake huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja asubuhi, mwaka mzima. Wanyama hupenda saa hiyo, lakini lenzi ya f/11 haiipendi. Huanza kuwa na nguvu yapata saa mbili. Kufikia saa nne udongo mweusi wa Lambwe umekwisha pata moto, na hewa iliyo juu yake hucheza kama moshi wa jiko. Mnyama aliye mbali huonekana ametetemeka, na hakuna lenzi, ya shilingi laki moja wala ya milioni mbili, iwezayo kuitibu hewa hiyo. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, na saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu jioni: huo ndio wakati wa lenzi hii. Aliye na lenzi ya bei kubwa hupata saa moja zaidi kila upande. Hiyo ndiyo tofauti anayoilipia, na kwa mtu apigaye picha za kuuza kwa magazeti ya ng'ambo huenda yafaa. Kwa mtu akaaye umbali wa safari fupi kutoka mbuga, awezaye kurudi wiki ijayo na mwezi ujao, haifai kitu. Mgeni ana siku mbili tu. Mwenyeji ana mwaka mzima.

Lenzi ndefu huongeza kila mtikisiko. Injini ya gari na izimwe, abiria wakae kimya, na lenzi ilazwe juu ya kifuko cha nguo kilichojazwa maharagwe au mtama na kuwekwa juu ya dirisha. Madukani ng'ambo vifuko hivyo huuzwa kwa bei ya kuchekesha. Mwanamke yeyote mwenye cherehani aweza kukishona kwa robo saa. Katika Ruma hairuhusiwi kushuka garini mahali popote upendapo, na sheria hiyo ni njema, kwa kuwa nyati na vifaru wako. Lenzi ya 600 haiwezi kuona sawasawa kitu kilicho karibu kuliko mita nne na nusu, na ya 800 kuliko mita sita. Tena kamera hutafuta shabaha katikati ya picha tu, si pembeni. Basi mnyama awekwe katikati, na ukataji wa picha ungoje nyumbani.

Lenzi hizi hazikuzibwa dhidi ya maji na vumbi. Vumbi la Lambwe wakati wa kiangazi huingia hata ndani ya saa ya mkononi. Mfuko wa nailoni uliotobolewa upande mmoja, na kitambaa safi cha pamba, vyatosha. Mavazi nayo yataka busara. Bonde hili lilijulikana tangu zamani kwa mbung'o na ugonjwa wa malale, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mpiga picha aliyevaa shati la buluu amejifanya mtego.

Faida ya picha hizi haiishi katika kupamba ukuta. Mabaka ya twiga hayafanani kati ya mmoja na mwingine, na Ruma inao twiga. Korongo nao hutambulikana mmoja mmoja kwa mtazamaji mwenye subira: huyu pembe yake ya kushoto imevunjika ncha, yule sikio lake limepasuka, mwingine baka lake jeupe limekatika chini ya jicho. Kundi likiwa na wanyama wachache namna hii, picha moja safi ya uso, yenye tarehe, saa na mahali, huonyesha kama jike fulani angali hai na kama ana ndama. Askari wa mbuga hawawezi kuwa kila mahali, na mwalimu au karani aliyeingia Jumamosi kwa tiketi yake aweza kuwa ameona asichokiona mwingine. Picha kama hiyo yafaa ipelekwe ofisini kwa mbuga kabla haijatumwa kwa marafiki.

Kwa kifaru shauri ni kinyume. Baadhi ya kamera za siku hizi, na simu nyingi, huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, bila mwenyewe kujua. Picha ya kifaru ikitangazwa pamoja na habari hiyo, imemchorea jangili ramani. Habari hiyo na ifutwe, au picha isitangazwe kabisa.

Asiye na fedha za kiingilio cha mbuga asidhani kwamba hana la kufanya. Gatini Homa Bay, mashua za dagaa zirudipo asubuhi, mdiria mweusi na mweupe hujitundika hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kisha hujitupa majini kama jiwe. Minandi huanika mabawa yao juu ya miti iliyokauka, na yangeyange hugombania mabaki ya samaki. Ndege hawa wamezoea watu, nuru ya ziwani ni nyingi kwa kuwa maji huirudisha, na hakuna tiketi. Wiki tatu za mazoezi hapo humfundisha mtu zaidi ya kitabu kizima. Wanafunzi wa vyama vya Wildlife Clubs of Kenya, vilivyoanzishwa mwaka 1968, wangeweza kutumia kamera moja kwa zamu ufukoni kabla ya siku yao ya kwenda Ruma.

Ukifika mwezi wa Aprili, mtihani mgumu kuliko wote huingia bondeni. Ni mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu, ambaye huzaa katika nyanda za juu za Afrika ya Kusini, Zimbabwe, Malawi na kusini mwa Tanzania, kisha huja huku kaskazini kukwepa baridi. Ni wachache duniani, na majani marefu ya Ruma ni mojawapo ya mahali wanapopategemea. Hewani huruka kasi mno kwa lenzi ya f/11, na anayemfukuza huko juu hurudi na picha mia za mawingu. Wajuao hulisimamisha gari karibu na bua kavu lililosimama peke yake, upande ambao jua liko nyuma yao, wakaweka lenzi juu ya kifuko cha mtama na kungoja atue. Akitua mita ishirini kutoka dirishani, lenzi ya 800 humwonyesha pamoja na bua lake katika upana wa sentimita 90, na buluu yake nzito yang'aa kama chuma kilichotoka motoni. Hukaa pengine sekunde kumi. Septemba ikiisha huwa wamekwenda zao.